Maswali Niliyomfundisha Shemeji

Kwa anayeanza kunisoma leo: mimi ni Tekla, mjane, naishi Segerea. Marehemu mume wangu Tarsisi, kocha wa ngumi, aliniachia nyumba, binti mmoja, Loveness, aliyeolewa Mbeya, na mdogo wake yeye, Apolinari. Apolinari ni bondia. Au tuseme alikuwa bondia.

Wiki iliyopita niliwaeleza jinsi alivyotoka kununua kiberiti akaokotwa Kinyerezi, kwenye mitambo ya gesi, anawauliza walinzi njia ya kwenda kwa mama yake. Mama yake tulishamzika Rombo, miaka mingi imepita. Nikaeleza pia kwamba sikuambiwa na mtu kuwa anarudi ulingoni. Niliona bango ukutani kwa muuza chipsi. "Pambano la kumuaga Apolinari." Picha yenyewe ya ujanani, kifua wazi, nywele zimejaa kichwani.

Leo nasimulia siku ya kupima uzito.

Nilikuwa nimebakiwa na tumaini moja tu. Daktari.

Bondia akishapimwa uzito anaonwa na daktari, na daktari akisema hapana, basi ni hapana. Nilishampigia Apolinari magoti, akacheka. Nilimwendea kocha wake, Ansbert, akanijibu, "Mama Loveness, mtu mzima hafungwi kamba." Nilimwendea padre, akaniambia nisali. Nikasali novena nzima, siku tisa, kwa nia moja. Ee Bwana, daktari amwone.

Ijumaa asubuhi Apolinari mwenyewe akaniita.

"Shemeji, jitayarishe twende wote Temeke. Nisije nikapotea, bango likapigana peke yake."

Alisema kwa utani. Lakini vidole vyake vilikuwa vinatafuta kifungo cha shati mahali pasipo na kifungo.

Tukachukua bajaji.

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki, mzani katikati, na vijana wengi wenye simu mikononi. Muziki wa singeli unapigwa mpaka kifua kinatetemeka. Promota, jina lake Brightson, alikuwa amevaa miwani ya jua humohumo ndani.

"Bi mkubwa, wewe nani yake?"

"Shemeji yake."

"Mke wa marehemu Kocha Tarsi! Leteni kiti! Leteni maji! Aa, maji msilete. Huyu mzee akiyaona atayanywa, uzito uzidi, na mie nife kwa presha."

Wakacheka wote. Apolinari alicheka kuliko wote, na midomo yake imepasuka kwa kiu. Tangu jana yake mchana hakutia kitu kinywani, si chakula wala maji. Ndivyo wanavyofanya ili mzani uwakubali.

Nikakaa. Pembeni yangu alikuwa amekaa mzee wa Kihindi, mwembamba, pua imekaa upande.

"Shikamoo, mama," akanitania, maana tulikuwa rika moja.

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu, akacheka.

Akasema anaitwa Husain Bandali, ana duka la vipuri Kipawa, na alikuwa bondia wa uzito wa chini enzi hizo.

"Mhindi anapigana ngumi?" nikamuuliza.

"Hata baba yangu aliuliza hivyohivyo. Siku alipojua, alinitoa ulingoni kwa kunivuta sikio, mbele ya watu. Akanikalisha dukani. Nilikuwa sijapoteza pambano hata moja."

"Ukashukuru?"

"Nishukuru nini? Mpaka leo nikisikia kengele ya shule pale jirani, mabega yanapanda yenyewe. Wateja wananiona chizi." Akanionyesha kwa kidevu wazee wengine waliokaa ukutani, mabondia wastaafu, mmoja jicho limefunga, mwingine anatikisa kichwa bila kujua. "Sote tunajuta, mama. Aliyeacha mapema anajuta, aliyechelewa anajuta. Mie bahati yangu, najuta na akili zangu."



Wakamwita Apolinari mzanini. Akavua shati, akavua suruali. Nikatazama sakafu. Shemeji yako akivua nguo mbele yako, hata kama ni kwa ajili ya mzani, unatazama sakafu. Nikasikia tu watu wakipiga makofi. Uzito umekubali.

Mpinzani wake alikuwa kijana anaitwa Lusungu. Baada ya kupima alikuja moja kwa moja kunisalimia, akainama kidogo. "Shikamoo, mama." Mkono wake ulikuwa mgumu kama mchi. Nikamwombea hapohapo, na nikamwogopa hapohapo.

Kisha sauti ya mwanamke ikaita, "Ndugu wa Apolinari yupo?"

Daktari.

Alikuwa dada wa makamo, amejifunga mtandio kichwani, wanamwita Dokta Maliha. Meza yake ilikuwa kwenye kona ya ukumbi. Akatukalisha mimi na Apolinari. Nyuma yetu wakasimama Kocha Ansbert na Brightson.

Dokta akamwangalia macho kwa tochi ndogo. Akampima presha. Kisha akaweka kalamu chini.

"Baba, nitakuuliza maswali madogo. Usichukie. Leo ni siku gani?"

"Ijumaa," akajibu Apolinari, palepale.

"Mwezi?"

Akataja mwezi. Akataja mwaka. Hakuulizwa mwaka.

"Unakaa wapi?"

"Segerea, Dar es Salaam. Ukishapita gereza, kata kushoto, nyumba ya geti la bluu, kwa Mama Loveness."

"Hebu nitajie siku za wiki kwa kurudi nyuma."

"Jumapili, Jumamosi, Ijumaa, Alhamisi, Jumatano, Jumanne, Jumatatu."

Alizitaja kwa mahadhi, kama mtoto wa Komunyo ya Kwanza anayejibu katekisimu. Na yale mahadhi yalikuwa yangu.

Ngoja niwaeleze. Baada ya siku ile ya Kinyerezi, nesi mmoja wa zahanati aliniambia, "Mama, usimwache akili ilale. Kila siku muulize." Basi kila asubuhi, tukishamaliza sala, kabla sijamimina chai, nilimuuliza. Leo siku gani? Unakaa wapi? Hesabu siku kwa kurudi nyuma. Akikosea tunarudia. Akipatia namwekea sukari ya ziada. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa na masista, kwa kuimba, mpaka yakakaa ulimini.

Nilimfundisha ili asipotee. Ili akiokotwa tena, aweze kusema kwao ni wapi.

"Simama kwa mguu mmoja," akasema Dokta.

Akasimama imara kama korongo. Hata hilo tulilifanya, uani, mwanzoni akiwa ameshika kamba ya kuanikia nguo, baadaye bila kushika.

"Vizuri sana," Dokta akasema.

"Chuma hicho!" Brightson akapiga makofi. "Nilikwambiaje, Dokta? Wazee wa zamani si kama hawa wa energy drinki."

Dokta akafungua wino wa mhuri.

Nilitazama ule mhuri. Nikamtazama Apolinari, anavyonitabasamia kama mwanafunzi aliyefaulu, anangoja nimwambie amepatia.

"Dokta," nikasema. "Hayo nimemfundisha mimi."

Mkono wake ukasimama hewani.

"Umemfundisha nini, mama?"

"Hayo maswali. Kila siku tunayasoma. Muulize ambalo sijamfundisha."

"Bi mkubwa!" Brightson akavua miwani kwa mara ya kwanza. "Bi mkubwa, tumekupa kiti ukae, siyo usimamie mtihani!"

"Mama Loveness, nyamaza," Kocha Ansbert akasema polepole. Lakini hakunitazama.

Dokta Maliha akafunga wino. Akamgeukia Apolinari, akauliza kama mtu anayepiga soga tu.

"Asubuhi umekula nini, baba?"

"Uji," Apolinari akajibu bila kusita. "Uji na mihogo ya kuchemsha. Shemeji ananipikiaga mihogo mizuri, we acha tu."

Kijana mmoja nyuma akaanza kucheka, akadhani ni mzaha. Akaona wenzake hawacheki, akaacha.

Pale hapakuwa na asiyejua. Bondia siku ya mzani hali wala hanywi. Midomo yake imepasuka kwa njaa na kiu, kila mtu anaiona, naye anasifia mihogo. Ansbert akainamisha kichwa. Mtu akazima muziki.

Apolinari akatutazama mmoja mmoja. "Nini? Nimekosea?"

Akanigeukia mimi.

"Shemeji, nimekosea wapi?"

"Leo hujala, Apolinari," nikamwambia. "Wala jana usiku hujala."

Nikafikiri atapaza sauti. Nikafikiri atanitukana mbele za watu, na kwa kweli ningestahimili. Badala yake akajipangusa mdomo kwa nyuma ya mkono, akaona damu ya ile mipasuko, akaitazama.

"Shemeji kasema kweli," akasema. "Najua nasahau. Mnadhani sijui? Naamka asubuhi naviona viatu vya mazoezi, najiuliza ni vya nani. Siku zote zimekuwa ukungu, ila ngumi. Ngumi nazikumbuka zote. Nilizopiga na nilizopigwa. Na hizo nazo zimeanza kuondoka." Akamtazama Dokta. "Mie niliacha ngumi bila kuagwa, dada. Nataka niagwe wakati bado najua naaga nini."

Mzee Bandali alikuwa amesogea karibu. Nilimsikia akivuta pumzi.

Dokta Maliha akasema kwa upole, lakini akasema. "Baba, siwezi. Kichwa hicho kikipigwa tena, unaweza usitoke humu ukiwa hai. Hupigani."

Akaandika. Nikafumba macho, nikasema kimoyomoyo, Asante Bwana.

Nilishukuru mapema mno.

"Sawa, Dokta," Brightson akasema, na sauti yake ilikuwa tulivu mpaka nikaogopa. "Sheria ni sheria. Pambano limefutwa." Akavaa tena miwani. "Kesho tutafanya maonyesho."

"Maonyesho gani?"

"Maonyesho tu. Mzee anapanda, dogo anapanda, wanacheza raundi zao, watu wanamuaga gwiji wao. Hakuna mshindi, hakuna rekodi. Kwa hiyo hakuna mhuri."

"Ngumi ni ngumi," Dokta akasema. "Mimi sitakaa hapo."

"Hatukulazimishi, dada yangu. Maonyesho hayakuhitaji."

Dokta Maliha akakusanya vitu vyake. Akanishika bega alipopita. "Mama, msimruhusu," akasema, akatoka. Nikasikia gari lake likiondoka.

Nikabaki nimekaa. Niliomba daktari amwone. Alimwona. Na sasa daktari ameondoka, pambano lipo palepale, na mimi ndiye niliyemwondoa.

Lusungu akasogea. "Braza Brightson, mie siwezi. Huyu mzee anaumwa. Nikimpiga watu watanionaje?"

"Utampiga taratibu. Unamgusagusa."

"Ngumi ya taratibu ipo?" kijana akauliza.

"Mwanangu, Mungu akubariki," nikamwambia. "Kataa. Kataa uende zako nyumbani."

"Nakataa, mama," akasema. Nikaona amemaanisha.

Hapo ndipo Apolinari alipoinuka. Hakuna aliyemzuia, maana alinyanyuka kama anataka kumpa kijana mkono. Akampiga kofi. Kofi la wazi, la shavuni, lililosikika ukumbi mzima.

"Uniguseguse?" akamwambia. "Mie mtoto wako? Mama yako alikuzaa uje kunigusagusa?"

"Mzee, tafadhali..."

Akampiga la pili. Simu zote zilikuwa juu, zinarekodi. Kabla ya jioni kofi lile lingefika Mbagala na Tandale.

Nikauona uso wa Lusungu ukibadilika. Kwanza haya, kisha machozi, kisha vyote viwili vikaondoka, pakabaki uso wa mtu nisiyemjua.

"Kesho," kijana akasema. "Kesho nakuja, mzee. Na sitakugusagusa, nitakupiga." Akatoka bila kuniaga.

Brightson hakuweza kuficha furaha. "Hiyo ndiyo tunaita tangazo! Kesho hapatoshi!"

Kocha Ansbert alikuwa anafunga begi lake.

"Unaenda wapi?" Apolinari akamuuliza.

"Nyumbani. Hapa ndani nimekaa kwenye kona za mabondia wengi, nawapa maji na kuwafuta damu. Bila daktari sijawahi kukaa, na siwezi kuanzia kwako."

"Kumbe nawe ulikuwa unajua," nikamwambia Ansbert. "Miezi yote hii unamfundisha, ulikuwa unajua."

Akasimama. "Nilikuwa najua, Mama Loveness. Nilijidanganya kwamba daktari atamwona. Kama wewe." Akatoka.

Nikataka kukasirika, nikakosa pa kusimama. Mimi na yeye tulikuwa tumemwachia mtu wa tatu kazi yetu.

Mzee Bandali akakohoa. "Apolinari, ndugu yangu. Kama ni lazima, kona nitakaa mie."

"Wewe?" Apolinari akacheka kwa dharau. "Uliyetolewa ulingoni kwa sikio?"

Mzee wa watu akarudi nyuma hatua moja. Nikamwonea huruma.

"Kona yangu atakaa shemeji," Apolinari akasema.

Ukumbi ukaguna. Brightson akasema, "Mzee, huyu mama anajua nini kuhusu kona?"

"Hajui kitu. Kumpa mtu maji na kumfuta uso kunahitaji shule?" Akaja akachuchumaa mbele ya kiti changu, akaniangalia sawasawa. Macho yake yalikuwa safi siku hiyo, wapenzi wasomaji. Yangekuwa na ukungu ningejua la kufanya. "Shemeji, nisikilize. Nikipigwa sana, nyuso zinachanganyikana. Kengele ikilia narudi kwenye kona, sijui aliyekaa hapo ni nani. Nataka nikirudi nikute mtu ambaye nitamjua. Na ninayemjua siku zote ni wewe."

Machozi yakanitoka. Yeye hakulia.

"Ila kuna sharti."

"Sharti gani?"

"Hutarusha taulo."

Mtu wa kona akirusha taulo ulingoni, pambano limekwisha. Hata mimi nalijua hilo.

"Kaka alinirushia taulo Morogoro," akasema. "Nilikuwa goti chini, nilikuwa nainuka. Yeye akarusha. Watu wakanizomea mpaka kwenye basi. Sikupigana tena, na sikumsemesha kaka tena. Alivyoumwa sikuja. Alivyokata roho sikuwepo. Nimepigwa ngumi nyingi, shemeji, lakini ninachojuta ni hicho kimya. Kila kitu nasahau, hicho sikisahau." Akanishika mikono. "Usinifanye nikuchukie na wewe. Sina mwingine."

Mume wangu alikufa akigeuza macho mlangoni. Nilidhani anamngoja padre.

"Na nisipokubali?" nikauliza.

"Brightson atanipa kijana yeyote wa mtaani akae. Sitamjua, na yeye hatanijua. Sawa tu. Ila kupanda, napanda."

"Basi nimekubali. Nitakaa."

"Siyo hivyo. Nakufahamu, shemeji. Wewe ukisema sawa, unaweza kubadilika. Ila ukiapa, huvunji." Akanyanyua sauti ili wote wasikie. "Apa. Kwa huyo Mungu unayeniamsha kumwomba kila asubuhi. Apa kwamba iwe iwavyo hutanitoa."

Mzee Bandali akaniinamia sikioni. "Usiape, mama. Nakuomba. Mtu kama wewe akiapa, amekwisha."

Nilimtazama Apolinari, amechuchumaa pale, midomo inavuja damu, ananingoja. Nikiapa na kulitunza neno langu, nitakaa kwenye kona nimwangalie akifa. Nikiapa na kulivunja, nimemkosea Mungu na nimempoteza yeye. Nisipoapa, atakufa mikononi mwa mtu asiyejua hata jina la mama yake.

Tangu niape mbele ya altare siku ya ndoa yangu, sijala kiapo kingine.

Nikasimama. Nikanyoosha mkono wa kulia.

"Mimi, Tekla," nikaanza, "mjane wa Tarsisi, mbele ya Mungu Mwenyezi..."